Swali Nililolizima kwa Kicheko

Mwanafunzi wangu wa zamani aliponijia kuniomba niwe mshereheshaji wa mkutano wake wa kampeni, sikumuuliza lolote. Nilimfundisha kusoma hapahapa kijijini Tingi, na sasa anagombea udiwani. Mimi mwalimu mstaafu, mjane, niliyezoea kushika kipaza sauti kwenye harusi za watu, nikajiona nimekumbukwa.

"Mwalimu, wewe ukisema watu wanasikiliza," aliniambia.

Maneno hayo yalinilewesha.

Na si kwamba sikujua yanayosemwa juu yake. Kabla ya siasa alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Msimu mmoja korosho za watu ziliingia ghalani zikiwa daraja la kwanza, kwenye karatasi zikatoka daraja la pili, na malipo yakapungua. Hakushtakiwa. Aliacha kazi kimyakimya, akaenda Dar, akarudi na gari jeupe na watu wa kumfadhili.

Watu hao niliwaona kwa macho yangu. Siku chache kabla ya mkutano alikuja nao kwangu kula chakula cha mchana: wanaume wawili, wapole, wakanisifia wali wangu wa nazi. Nilikuwa nawamiminia maji ya kunawa pale mmoja aliposema, bila hata kushusha sauti, "Ukishakaa kwenye kiti, lile pori la kijiji tusisumbuliwe nalo."

Mwanafunzi wangu akajibu, "Hilo limekwisha."

Pori hilo ndimo tunamokata kuni, na ndimo vijana walimoahidiwa kugawiwa mashamba. Nilisikia vizuri kabisa. Nikaenda jikoni kuleta samaki, nikajiambia hayo ni mazungumzo ya wanaume, hayanihusu.

Siku ya mkutano uwanja wa mpira ulijaa. Kila mwanamke aliyeingia alipewa kanga. Mgombea alihutubia, akapigiwa makofi, kisha nikatangaza kwamba tutapokea maswali matatu. Wa kwanza aliuliza habari za maji. Wa pili, za barabara. Wa tatu alikuwa bibi mmoja, jirani wa shamba wa marehemu mama yangu. Mama alipougua, ndiye aliyekuwa akituchotea maji kila asubuhi bila kuombwa.

Alisimama taratibu, akasema kwa lafudhi yake ya Kimatumbi, "Mwanangu, ulipokuwa katibu, korosho zetu nani alizishusha daraja? Mpaka leo hujatujibu. Kama magunia tu yalikushinda kuyaeleza, kata nzima utaielezaje? Halafu haya magari, huu muziki, hizi kanga, analipa nani? Na akishalipa, anataka nini kwetu?"

Mgombea hakumtazama yule bibi. Alinitazama mimi.

Jibu la swali lake la mwisho nilikuwa nalo. Huenda katika umati ule wote tulikuwa nalo mgombea na mimi tu. Nikasogeza kipaza sauti mdomoni, nikasema, "Mama yangu, kanga umeshajitanda, sasa unataka na risiti?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mpiga muziki akaongeza sauti. Bibi aliivua ile kanga, akaikunja vizuri kama inayorudishwa dukani, akaiweka kwenye benchi na kuondoka. Mgombea aliniminya mkono. "Umeniokoa, mwalimu," akaninong'oneza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Alishinda. Miezi haikupita mingi, vigingi vikachimbiwa porini, na wanawake waliokwenda kutafuta kuni wakarudishwa na mlinzi. Niliwaona wakirudi na kamba zao mikononi, hawana mzigo. Nilijificha nyuma ya mlango wangu mpaka wakapita.

Kesho yake nilikwenda kwa yule bibi. Nilimkuta uani anaanika mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Nilimweleza yote, na chakula cha mchana na nilichokisikia. Nilipomaliza aliuliza, "Haya uliyasikia kabla ya mkutano?"

"Kabla."

"Na bado ukawafanya watu wanicheke."

Sikuweza kuinua uso. Nilimwomba radhi. Akageuza vipande vya muhogo viwili vitatu, ndipo akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini pale uwanjani sikuuliza kwa ajili yangu peke yangu. Wale wengine umewaambia?"

Nilisubiri mkutano mkuu wa kijiji. Diwani alikuwepo meza ya mbele. Niliponyoosha mkono na kusimama, wengine walianza kutabasamu wakidhani nina utani. Nikasema nilichokisikia nyumbani kwangu, neno kwa neno. Nilikuwa nimeshika kiti cha mbele yangu. Diwani alisema mimi ni mwalimu wake na ananiheshimu, lakini nilisikia vibaya.

Mkulima mmoja akasimama nyuma. Hakumwuliza diwani. Aliniuliza mimi: "Siku ile kipaza sauti kilikuwa mkononi mwako. Kwa nini hukusema?"

"Nilipenda kuonekana mtu wa maana," nikasema.

Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa nafuu kama wangenizomea. Waliunda kamati ya kufuatilia lile pori wilayani, wakamchagua yule bibi awemo. Niliomba niwaandikie barua zao, wakakubali. Huwa wananitaka niwasomee barua kwa sauti mara mbili kabla ya kuweka sahihi, na mmoja wao hufuata mstari kwa kidole kuhakikisha nasoma kilichoandikwa. Pori halijarudi. Nami kila wanaponiambia nirudie kusoma, narudia.