Alternata Iliyokataa Kwenda Malava

Ninyi mlioko nyumbani Malava mmeningoja mara tatu, na mara zote mmesikia neno moja: gari limeharibika. Najua mjomba anasema nimefungwa njia, kwamba kuna mtu ameniroga nisifike. Ndiyo maana nawaandikia hapa kwa grupu ya familia safari yangu ya leo, ingawa ilikuwa ya Ruiru mpaka Thika na kurudi tu. Nilikwenda kutafuta kinachoniulia alternata.

Mnajua kwa nini basi halitoshi. Mama, aliye hapo nanyi, anataka nimpeleke akamwone dada yake mkubwa, ambaye hatoki kitandani tena, na boma lake liko mbali na lami. Magoti ya mama hayawezi bodaboda. Bila gari hili wataagana kwa simu, na nikiwaza hivyo usingizi hunipaa.

Asubuhi, Ruiru. Nilikuwa nianze safari ya kuja kwenu, lakini taa nyekundu ya betri iliwaka kabla sijatoka kwa lango la ploti. Alternata ndiyo huchaji betri. Ikifa, gari linatembea na akiba iliyobaki. Jirani aliniazima betri iliyojaa. Nikazima redio, sikupiga honi hata kwa ng'ombe, nikaingia Thika Road kama mtu aliyebeba maji kwa viganja.

Juja. Nilipita kona ya kwenda Kalimoni, ninakochukua mayai ya kusambaza kwa maduka ya Ruiru. Hapo hasira ikanipanda. Barabara ile ya vumbi na mashimo haijawahi kuniulia alternata hata moja. Mayai ya watu yanafika, ila nikitaka kwenda kwa mama yangu gari linagoma. Nililigombeza kwa Kikabras, lugha yetu ya nyumbani, peke yangu, dirisha wazi.

Thika. Fundi wa umeme wa magari niliyeelekezwa anaitwa Baba Shiru, mtu mzima, mpole, mwenye kunywa chai huku akifungua nati. Nikamweleza yote: alternata tatu, zote za mtumba kutoka Githurai, na aliyeniuzia ni mwizi.

"Tusiite mtu mwizi bado," akasema. "Ile ya kwanza ilikufa ukienda wapi?"

"Nyumbani."

"Na ya pili?"

"Nyumbani. Hata hii."

"Na ukienda kuchukua mayai?"

"Haijawahi."

"Basi kuna kitu unaifanyia ukienda kwenu. Ni nini?"

Nikasema hakuna. Naweka mafuta, najaza magurudumu upepo, kama dereva yeyote. Akaichomoa alternata, akaifungua. Ndani, pale vipande vya kaboni vinaposugua kupitisha umeme, kulikuwa na uji mzito wa sabuni na grisi. Akauchota kwa kidole, akanusa, akanisogezea puani. Nikaitambua harufu. Ni sabuni ya kuoshea injini, ya pale car wash ya Ruiru, na nilikuwa hapo jana jioni.

Nilicheka. Mnajijua. Gari likitoka upande wa Nairobi, wazee wa kwetu hawana haja na rangi. Watasalimia, watalizunguka, halafu mmoja atasema, "Hebu fungua boneti." Wakikuta injini nyeusi, wanasema mwenyewe ameshindwa na mji. Basi mimi, kila nikifunga safari ya kuja, hupeleka gari likapigwe maji ya presha ndani ya boneti mpaka injini ing'ae. Nikienda kwa mayai siioshi, maana kuku wa Kalimoni hawafungui boneti.

"Si wewe peke yako," Baba Shiru akasema. "Desemba huwa napata kazi mingi ya watu wa huko kwenu. Wote injini ni safi."

Akaisafisha, akabadilisha kaboni na kile kifaa kinachodhibiti chaji, akairudisha mahali pake. Taa nyekundu ikazimika. Akaniambia nikitaka kuipendezesha injini nitumie kitambaa kikavu, presha niwachie magurudumu.

Jioni, kurudi Ruiru. Niliwasha redio, nikawasha na taa ingawa jua lilikuwa bado. Mwenye car wash aliponiona akanipungia mkono.

"Baba Nanjala, bado hujaenda? Lete tuipige injini tena, ing'ae ya safari."

"Safari ni kesho," nikamwambia. "Injini iache ilivyo."

Nikaegesha mbele kidogo, nikampigia mama. Nikamwambia nakuja, na safari hii nafika.

"Papa," akasema, kwa ile sauti yake ya kuniita baba, maana nina jina la baba yake, "mara ya kwanza dada aliniuliza kwa simu gari liko wapi. Mara ya pili aliuliza tena. Leo hakuuliza."

Nilikaa kwenye gari na simu mkononi, nikiwatamani wote wawili, mama na dada yake, kwenye ile nyumba ya dada ambayo sijaiona tangu nikiwa mwanafunzi.

Nimejifunza kwamba hakuna aliyenifunga njia, mjomba. Nilikuwa naifunga mwenyewe kwa sabuni ya injini, nikiogopa macho yenu. Kesho mtakuta injini ambayo haijaoshwa tena, na vumbi la safari nzima juu yake, na safari zijazo itakuwa nyeusi tii kwa vumbi la Kalimoni. Fungueni boneti, chekeni mtakavyo. Ila msikawie kuifunga, kwa sababu mama atakuwa ameshakaa kiti cha mbele.