Svenja Aomba Kuhama Kutoka kwa Mama Yake

Kwa miaka minne Svenja Pawlitzki alikuwa akinigongea dirisha la kioski saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kabla sijafungua hata mafurushi ya magazeti, kuomba choo. Mwanzoni hakununua kitu. Baadaye aibu ikamshika, akawa anachukua peremende chache ambazo nilijua hazili, kwa sababu tumbo lake halikuzivumilia. Alikuwa na vidonda kwenye utumbo mpana. Ugonjwa ukichachamaa alikwenda chooni mara ishirini kwa siku, na mara nyingi alichokitoa kilikuwa damu.

Kwao kulikuwa ghorofa ya tatu, kwenye jengo hilohilo ambalo kioski changu kiko chini yake. Aliishi na mama yake, Anke, na mume wa mama, Rüdiger, aliyeumia mgongo kwenye ghala akaacha kazi. Wote watatu walilipiwa kodi ya nyumba na ofisi ya misaada, kama nusu ya mtaa wetu tangu migodi ifungwe. Choo kilikuwa kimoja, ndani ya bafu, na Rüdiger alikuwa na mazoea ya kuingia humo asubuhi na simu yake akakaa saa nzima.

Svenja hakuwa mvivu. Alikuwa akisomea ususi kwenye saluni karibu na kituo cha treni, na mikono yake ilisifiwa. Siku moja akamwacha mteja kitini na dawa ya rangi kichwani, akakimbia, akarudi baada ya nusu saa. Mteja yule aliungua ngozi ya kichwa. Mwenye saluni alimwambia kwa upole kwamba apone kwanza ndipo arudi. Ugonjwa ule haukuwa wa kupona.

Rüdiger hakuwahi kumpiga, hilo lazima niseme. Alimwita Malkia wa Choo. Alimfanya anunue karatasi zake mwenyewe na kuziweka chumbani kwake. Alipokuwa ndani na Svenja akigonga, aliongeza sauti ya video. Majira ya baridi yaliyotangulia mambo haya, Svenja aligonga mpaka akashindwa kujizuia, pale pale ukumbini. Rüdiger alipofungua mlango alimpiga picha akiwa amepiga magoti anafuta sakafu.

Najua habari ya picha hiyo kwa sababu niliiona. Jioni yake alikuja kioskini kama kawaida na wenzake wanne, wakasimama kwenye meza ya nje na bia zao, akaizungusha simu mkono kwa mkono. Ikafika kwangu. "Tazama, Gitti, angekuwa mbwa tungekuwa tumeshamfundisha." Nilimrudishia simu, nikamfungulia bia nyingine. Sikucheka. Kwa muda mrefu niliona kutocheka kwangu ni jambo la maana.

Januari Svenja akapata chumba. Kilikuwa kidogo, mitaa miwili kutoka kwetu, chini ya paa, kina jiko la ukutani na choo chake. Mwenye nyumba, mjane mmoja mzee, alimpenda akamwahidi kumshikia kwa wiki tatu. Svenja alinionyesha picha za choo kile kwenye simu yake kama watu wengine wanavyoonyesha picha za mtoto mchanga: sinki, dirisha dogo, kitasa kinachofungwa kwa ndani.

Tatizo lilikuwa umri. Aliye chini ya miaka ishirini na mitano akitaka kuhama kwa wazazi, ofisi hailipi kodi yake mpya mpaka ikubali kwanza, kabla hajasaini mkataba, na ili ikubali lazima iwepo sababu nzito. Svenja alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alijaza fomu, akaambatanisha barua ya daktari, akaenda. Bi Dornseif, ofisa aliyeshika faili lao, aliisoma barua mara mbili, akamwambia, "Daktari anaandika kwamba unahitaji choo wakati wote. Haandiki kwamba unahitaji nyumba. Kwenu si kuna choo?"

Svenja alilazimika kueleza. Alieleza kila kitu kwa sauti ndogo, mbele ya mgeni, mlango wa ofisi ukiwa wazi: kugonga, video, karatasi, ukumbi, picha. Bi Dornseif aliandika, kisha akasema hayo ni maneno ya upande mmoja. Akampangia siku nyingine aje na mama yake, na kama kuna mtu mwingine aliyeona mambo hayo, aje naye.

Ndipo akaniomba mimi. Alisimama dirishani, rangi imemtoka, akasema, "Shangazi Gitti, sikuombi upigane na mtu. Useme tu ulichokiona." Nikamwambia nitakuja, mwanangu, bila shaka nitakuja. Na nilikusudia kweli.

Siku hiyo tulikaa watatu mbele ya meza ya Bi Dornseif. Anke alikuwa amevaa koti lake zuri. Hakumtazama mwanawe. Aliulizwa kama hali nyumbani inavumilika, akajibu kwamba wanaelewana vizuri tu, kwamba Svenja ni mwepesi wa kuumia moyo tangu utotoni na ugonjwa umemzidishia. Akaulizwa habari za mumewe kufungia choo. Akasema mumewe ana mgongo, anahitaji maji ya moto asubuhi.

"Na picha?"

"Ulikuwa utani," Anke akasema. "Ameshaifuta."

Svenja akasema taratibu, "Mama, ulikuwa jikoni. Ulinisikia nikigonga."

Anke alifungua mkoba akatafuta kitu, akaufunga. Mimi nilijua anachokiogopa. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vya watu watatu. Mmoja akitoka, ofisi ingewaandikia wawili waliobaki kwamba ni kubwa mno na kodi haitalipwa yote, watafute ndogo. Anke alikuwa ameishi ghorofa ile miaka kumi na tisa. Baba yake Svenja alifia mle.

Kisha Bi Dornseif akanigeukia. Akaniuliza jina na kazi yangu, akaniuliza nimeona nini.

Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. Lakini wakati ule nilimwona akilini Rüdiger na wenzake wanne kwenye meza yangu ya nje, na nikaiona meza ile tupu. Duka kubwa lilikuwa limefunguliwa kona ya pili, na bia za watu wale ndizo zilizokuwa zikinilipia umeme. Nikasema, "Mimi nauza magazeti tu. Ya juu huko siyajui."

"Binti anasema alikuwa akitumia choo chako kila asubuhi."

"Wengi hukitumia."

Svenja hakunitazama. Aliomba ruhusa ya kwenda msalani, na Bi Dornseif akamwelekeza upande wa pili wa korido, ufunguo uko mapokezi. Tulimsubiri. Aliporudi alikuwa amefunga sweta kiunoni, na sisi wanawake watatu tulielewa kwa nini.

Barua ya kukataliwa ilikuja baada ya siku nane. Ilisema kwamba migongano ya kawaida ya kifamilia si sababu nzito. Svenja alikata rufaa, akaambiwa asubiri miezi mitatu. Mjane alimsubiri wiki tatu kama alivyoahidi, akaongeza moja, kisha akampa chumba mwanafunzi. Rüdiger aliibandika nakala ya barua kwenye mlango wa bafu. Asubuhi Svenja hakuja tena kwangu. Nilimwona akivuka barabara kwenda kituo cha mafuta, mkono tumboni, akitembea kwa hatua fupi za mtu anayehesabu.

Juni hali ilimzidia. Gari la wagonjwa lilimchukua mchana, na hospitalini walikuta utumbo umetoboka. Walimkata utumbo mpana wote. Walimtobolea tundu tumboni na kumfungia mfuko wa kupokea uchafu, wa kuvaa maisha yake yote.

Nilikwenda wiki ya pili, na magazeti ya nywele aliyokuwa akiyapenda. Alikuwa amekonda kama kijiti, lakini sauti yake ilikuwa imetulia. Mezani palikuwa na barua. Mfanyakazi wa ustawi wa hospitali alikuwa ameiandikia ofisi, na ofisi ilikuwa imejibu ndani ya siku tano: kwa kuzingatia hali mpya ya afya, kuhama kumekubaliwa, kodi italipwa.

"Wamekubali," akasema. "Sasa choo siendi sana. Mfuko ninaumwaga mara nne, tano. Hata kwa Rüdiger ningeweza kukaa."

Nikaanza kulia, nikamwambia anisamehe. Aliniacha nilie. Kisha akaniuliza bila hasira, kama anayetaka kweli kujua: "Mama aliogopa kufukuzwa nyumbani. Wewe uliogopa nini, Shangazi?"

Nilimwambia habari ya meza, ya Rüdiger na wale wenzake wanne. Aliwaza kidogo, akasema, "Watano." Akageukia ukutani, na muuguzi akaja kunitoa.

Septemba alihamia chumba upande wa pili wa reli. Hakuniomba nimbebee kitu. Barua ya ofisi kwa Anke na Rüdiger ilikuja Oktoba, kama Anke alivyojua itakuja: nyumba ni kubwa, mna miezi sita. Anke alikwenda kwa bintiye akamwomba arudi kuandikisha jina lake pale juu, kwenye karatasi tu, kitanda kingebaki mahali pake. Svenja alimpikia kahawa, akamkatia keki, akamwambia hapana. Anke mwenyewe alinisimulia, kwa uchungu, akitaka nikubali kwamba binti yule ana moyo wa jiwe. Sikukubali, wala sikukataa.

Walihama Aprili kwenda vyumba viwili karibu na barabara kuu. Rüdiger bado huja kwangu kwa basi, maana huko hakuna kioski. Siku hizi mgongo unamsumbua zaidi, huniomba kiti.

Svenja anasuka nyumbani kwake, wateja wachache wa mtaani, wanaosubiri akienda msalani bila kuuliza. Nilimpitia mara moja Desemba. Alinifungulia mlango nusu, akasema ana mteja, na kweli nilisikia mashine ya kukaushia nywele ikilia ndani. Tukikutana sokoni namsalimia, naye hunijibu, "Salama, Bi Gitti." Zamani alikuwa akiniita Shangazi.