Kipande Kilichopungua

Juzi sokoni Gisenyi niliona blanketi la mtoto lililoshonwa kwa vipande vya vitenge, nikakumbuka langu.

Nilikuwa na miaka minane, ndiyo kwanza najifunza kushona. Mama mdogo alikuwa amejifungua Goma, nami nilimtengenezea mtoto wake blanketi kwa mabaki ya cherehani ya mama. Kikapungua kipande kimoja. Nikafungua sanduku lililonuka nafutalini, nikakikata kwenye kitenge kipya cha mama.

Mara viatu vizito vikasikika uani. Nikajua ni askari, wamenifuata mimi kwa sababu ya kile kitenge. Nikaingia chini ya kitanda na blanketi langu.

"Nani yuko ndani?" askari alimuuliza mama mlangoni.

"Hakuna mutu, afande," mama alijibu. Alidhani niko kwa jirani.

Nikapiga chafya. Chuma kikalia kwa ukali, nikadhani ni pingu. Leo najua ilikuwa bunduki ikikokiwa, na kwamba walikuwa wakitafuta watu waliojificha.

Nikatambaa nje nikilia. "Ni mi nilikata! Mama hajui!"

"Ni mutoto wangu!" mama alipiga kelele. "Ni mutoto, afande!"

Askari alinitazama, akatazama blanketi, akashusha bunduki polepole. Akaondoka na wenzake.

Nilingoja kupigwa. Mama alinivuta kifuani, akanikumbatia kwa nguvu hata sindano niliyoiacha kwenye blanketi ikatuchoma sote wawili. Hakuna aliyejitoa.