Katuni Zisizofunguka Kwenye Simu ya Nashaat

Wagdi alifundisha kuchora pale Tanta, Misri, hadi alipostaafu, na tangu hapo hajamfundisha mtu kitu, ingawa si kwa kukosa kujaribu. Hakuoa. Alisema anangoja nyumba ipate nafasi, na nyumba imejaa majarida ya katuni ya watoto, ya zamani, yamepangwa hadi juu ya friji. Kutwa hung'oa pini kwa kisu cha siagi, akalaza ukurasa mmoja mmoja kwenye skana, akasafisha madoa ya chai ya watu waliokwisha kufa. Kisha huzifunga kurasa zote katika faili moja na kuitupia kwenye kundi la mtandaoni, wapenzi wenzake wa katuni wasome.

Kundi lenyewe zamani lilikuwa na kelele kama soko. Wengine wamehamia Ghuba, wengine wamepata wajukuu, wengine hata hawakuaga. Amebaki Wagdi, na amebaki Nashaat wa Aswan, ambaye hawajawahi kuonana naye uso kwa uso.

Nao hawaelewani. Wagdi hufunga faili zake kwa mtindo uitwao rar, eti zikiharibika njiani zinaweza kutibika. Nashaat hufunga kwa zip, kwa kuwa hufunguka popote. Kwa jambo hilo wametukanana miaka na miaka, kwa furaha ambayo ndoa nyingi haziijui.

"Kompyuta imekufa, ustadh," Nashaat aliandika siku moja. "Nimebaki na simu aliyoniachia binti yangu. Programu yake ya kusomea inafungua zip tu. Zako zinaleta giza."

"Giza liko kwenye simu yako."

"Wagdi, sitanii. Macho yangu hayana kazi nyingine. Nifungie upya."

Angeweza, si kazi ngumu. Lakini kufunga kwa zip ni kukubali kushindwa mbele ya Aswan nzima. Basi akafanya ujanja wa kitoto: furushi akaliacha vilevile, akabadilisha herufi ya mwisho tu ya jina la faili, cbr ya katuni za rar ikawa cbz ya zile za zip, akatuma. Kuna programu huhadaika. Ile ya simu haikuhadaika.

"Umebadilisha kilemba, kichwa kilekile," Nashaat akajibu. "Nilikuomba kama ndugu. Basi, kaa nazo."

Wagdi akaweka katuni mpya kundini. Hakuna aliyesema rangi zimepauka. Akaweka nyingine, ameruka ukurasa makusudi, amchokoze. Kimya. Hapo ndipo alipojua kwamba siku zote alikuwa akimskania mtu mmoja.

Umm Karima, mke wa bawabu, alimletea bakuli la maharage ya ful na mkate, akasimama mlangoni.

"Mbona siku hizi hucheki peke yako? Tulishazoea. Mume wangu anasema umepona."

"Nimenuniwa."

"Ehee! Na mwanamke?"

"Na mzee wa Aswan. Anataka faili nizifunge kwa zip."

"Na hiyo zip ina dhambi gani?"

"Huwezi kuelewa, mama."

"Kweli siwezi. Watu wazima na mvi zenu, mnanuniana kwa namna ya kufunga furushi! Kula, maharage yanapoa."

Hakula. Alifungua faili ya kwanza, akazitoa kurasa, akazifunga kwa zip. Akaenda ya pili. Kompyuta ikahema kama punda mwenye mzigo. Alizimaliza zote, hata zile ambazo Nashaat alishaziita takataka, akazituma bila neno la utani, na hilo lilimuuma kuliko mgongo.

Kesho yake alasiri simu ikalia kwa ujumbe wa Nashaat.

"Zimefunguka. Ile ya mpelelezi, ukurasa wa nane umepinda."

Haukuwa umepinda. Wagdi aliupima kwa rula juu ya kioo. Akaandika: "Njoo Tanta unioneshe." Akaisoma, akaona inasikika kama mtu anayelia, akaifuta. Akaandika: "Umepinda wewe."

Akatuma, akaiweka simu mbele ya sahani, akangoja kutukanwa.