Masika Yaliyobomoa Majengo

Mwezi uliopita, nikitoka soko la Gikomba kununua nguo, nilikatiza mtaa wa Majengo. Palipokuwa na nyumba ya bibi pana ghorofa sasa, na chini wanauza simu. Nilisimama pale, mwenzangu, nikahisi harufu ya udongo uliolowa, na jua lilikuwa kali.

Sisi ni Wamanyema. Bibi alifika Nairobi akiwa msichana, kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na majirani zetu karibu wote walikuwa watu waliotoka mbali. Miaka ile ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka minane, masika yalinyesha siku nyingi bila kupumzika. Asubuhi moja, chai ya tangawizi ingali jikoni, maji ya mto uliopita karibu nasi yakatuingilia. Nyumba za udongo zililainika, zikakaa chini moja moja. Ukuta wa jirani yetu ulimwangukia na kumuua binti yake, rafiki yangu niliyekwenda naye chuoni kusoma Kurani.

Jirani hakuwa na ndugu hata mmoja Nairobi. Aliketi juu ya kinu kilichopinduka, akauliza tu, "Nani atanizikia mwanangu?"

Bibi akamjibu, "Sisi hapa ndio ukoo wako."

Wanawake wa kundi la bibi walizoea kukutana kwa ngoma ya lelemama. Siku ile walikutana kushona sanda. Baada ya maziko hawakutawanyika. Wengine walisuka fito za kuta mpya, wengine walipika uji wa mtaa mzima, wengine walinyoosha madebe ya kuezekea. Sisi watoto tulikanyaga udongo mpaka nyayo zikapasuka. Jirani alikanyaga nasi, nyumba baada ya nyumba. "Mikono ikishughulika, moyo hupumzika," bibi alisema. Moyo wa jirani sikuuona ukipumzika.

Nyumba yake ilipokamilika, alisimama mlangoni.

"Ingia, mwanangu," bibi alimwambia.

"Niingie nikae na nani, mama?"

Juma lile alipanda gari moshi la Kisumu, aanze safari ya kurudi kwao. Bibi aliulizia habari zake kwa kila msafiri aliyetoka huko, miaka mingi. Hatukupata jibu.

Wanawake wale wote wamekwenda, na ngoma yao imekwenda nao. Kaburi la rafiki yangu silioni tena. Wamezikwa wengine juu yake. Nikifa mimi, hatabaki mtu wa kulitaja jina lake.