Kamera ya Fosia Haioshwi

Watu wa mtaa wa Iftin hawakuwa na shida na Fosia alipokuwa akiwapiga picha ndani. Unaingia kibandani kwake, unaketi kwenye stuli, ukuta wa buluu nyuma yako, unakaza uso kama mtu aliyeitwa kortini, kamera inalia, unaondoka na picha zako za kitambulisho. Maneno yalianza siku alipoitundika kamera ile ile shingoni na kutoka nayo nje.

Tangu hapo ikawa ada yake. Kila siku baada ya sala ya alasiri anafunga kibanda, anashika njia, na harudi nyumbani mtaa wa Waberi mpaka apate picha moja ya barabarani. Kinyozi anayesinzia kwenye kiti cha mteja. Wanawake wa maziwa wakigombea kivuli cha lori. Mbuzi aliyeingia duka la vitambaa na kukataa katakata kutoka. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua, atakuambia kwamba kibandani watu wote wana uso mmoja, naye amechoshwa na uso huo.

Mji haukukosa la kusema. Walimwambia ni haramu, watu ambao simu zao zimejaa sura zao wenyewe. Askari wa kizuizi cha barabarani alimuuliza anampelelezea nani. Mwanamke mzima, wakasema, anazurura na kichuma shingoni. Fosia aliwajibu kwamba macho hayana pazia, na ya kwake pia hayana, akapita. Hata shangazi yake Amino, aliyemlea, alinung'unika weee, mwishowe akasalimu amri kwa sharti moja. "Ukipiga mnyama wa mtu, sema mashallah kwanza. Sema kwa sauti mwenyewe asikie. Usituletee balaa la jicho." Sharti hilo Fosia alilishika, maana hata yeye alijua mali ya mfugaji haitazamwi kimya.

Basi ikaja siku ya mnada wa mifugo. Ngamia jike mweupe, aliyefika kutoka upande wa Liboi, mpakani, alikuwa akiteremshwa kwenye lori, na vumbi lilipomfunika mwili mzima, kichwa peke yake kikabaki juu, kinatazama soko kwa dharau. Fosia hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Akainua kamera, akapiga. Ulimi ulisahau kazi yake. Mwenye ngamia, mzee Yarrow, alisikia mlio wa kamera, akangoja neno lifuate. Halikufuata.

Kesho yake asubuhi ngamia alikataa kusimama.

Kabla ya adhuhuri Yarrow alikuwa mlangoni pa kibanda, na nyuma yake wanaume wa soko wakiongozwa na mzee Abdimalik, anayesuluhisha magomvi ya mnada.

"Jana ulipiga ngamia yangu bicha," Yarrow alisema. "Mashallah hakuna. Leo ngamia hainuki."

Fosia hakubisha. Desturi inajulikana: anayeshukiwa jicho ananawa, maji yake yanamwagiwa aliyepatwa, na ukikataa umejihukumu mwenyewe. Akavuta beseni.

"Si uso yako," Yarrow akasema, akanyoosha fimbo kwenye kamera. "Hiyo. Hiyo ndiyo iliona. Ioshwe hiyo."

Fosia alidhani ni mzaha. Akawatazama, hakuna aliyecheka. Kamera ile aliinunua Islii ikiwa ya mkono wa pili, na ikiingia maji haitalia tena, ndani wala nje.

"Adeer," Abdimalik alianza kwa upole, maana mzee wa Kisomali humwita mtoto wa ndugu kwa jina lile lile analoitwa yeye, yaani ami, "kamera ni kitu tu. Ngamia ni roho. Osha, yaishe. Na hii kutembea-tembea nayo pia iishe."

Hapo ndipo Fosia alipoelewa kilichowaleta wengine wote. Yarrow alimlilia ngamia wake, na ilikuwa haki yake. Hawa wengine walikuja kuzika matembezi yake. Hasira ikampanda mpaka masikio yakamwaka moto.

"Adeer Abdimalik, juzi uliketi kwenye stuli hii, ukapigwa picha za kwenda umra. Ulianguka?"

Mzee akakohoa.

"Na wewe Adeer Yarrow, kitambulisho chako kipya nani alikupiga? Si hii hii? Mbona umesimama mlangoni kwangu mzima kama ngamia dume?" Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. "Kamera haina kijicho. Haitamani cha mtu. Ulionyamaza ni ulimi wangu, na kosa lake nimelikubali. Nitanawa uso, mikono, na kinywa nitasukutua. Kamera haioshwi."

"Na matembezi?" Abdimalik akauliza.

"Siachi."

Akanawa mbele yao. Kisha akajitwika beseni mwenyewe, kamera ikining'inia kifuani, akavuka mji kwa miguu hadi sokoni, wanaume wakimfuata kama msafara wa harusi uliokosa ngoma. Alimmwagia ngamia maji kichwani mpaka mgongoni, akasema mashallah, tabarakallah. Ngamia akatikisa masikio. Hakusimama. Watu wote wakamgeukia Fosia, wakingoja alie au aombe radhi tena. Mkono wake ulikwenda kwenye kamera.

"Unathubutu?" Yarrow akafoka.

"Mashallah!" Fosia alipaza sauti hata madereva wa malori wakageuka. Akapiga.

Ngamia alisimama siku ya pili yake. Yarrow anaapa ni yale maji. Amino anasema mnyama alichoshwa na safari, alikuwa anajipumzikia. Alasiri ya siku hiyo Fosia alifunga kibanda, akapitia barabara ile ile, akaingia soko la mifugo kamera ikiwa shingoni. Mazungumzo yakakatika. Kila mwenye mnyama akamsogelea mnyama wake. Fosia akainua kamera taratibu, na kabla hajafungua kinywa, soko zima likalipuka:

"Mashallah! Mashallah!"

Hakuna aliyetaka kumwachia yeye kazi hiyo tena. Yarrow alipiga kelele kuliko wote, amemkumbatia ngamia wake shingoni.

Picha aliyopiga hapo ndiyo aliyorudi nayo nyumbani siku hiyo. Ameitundika kibandani, juu ya ukuta wa buluu: wanaume wa soko wamesimama safu nzima, vinywa wazi, Abdimalik akiwa wa kwanza kushoto. Anayekuja kupigwa picha ya kitambulisho huitazama, akashindwa kukaza uso.