Kishikio cha Gurudumu la Mkia

Ulimboka alipunguzwa kazi kwenye reli mwaka 1996, akafungua karakana yake nyuma ya soko la Kilosa. Mimi nilimuuzia vyuma chakavu, na sikuwahi kumpunguzia bei. Ndege ndogo ya watalii ilipokwama Mikumi, kishikio cha gurudumu la mkia kimekatika, nilimpelekea kile kilichovunjika. Kwa siku nne akachonga kipya. Tukapanda lori kwenda Mikumi.

Tulimkuta Rafaeli, fundi wa ndege kutoka Dar, naye ameleta kishikio cha kiwandani ndani ya boksi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pima hiki."

Rafaeli akapima cha mzee, akapima cha kiwandani, akarudia.

"Vipimo ni vilevile."

"Funga basi."

"Siruhusiwi, mzee. Kile kiwanda kina cheti. Wanatengeneza, wanajikagua wenyewe, wakigonga muhuri dunia nzima inapokea. Nikifunga chako, leseni yangu imekwenda."

"Wanajikagua wenyewe?"

"Wenyewe. Ila nao walikaguliwa kwanza, tena miaka."

"Na mimi atanikagua nani?"

Rafaeli akainama kwenye boksi lake. Nikaona niingilie.

"Kijana, andika vipimo tu kwenye karatasi. Sahihi usiweke."

"Bosi, hata hiyo hapana. Labda nikibebe kwenye begi, nacho kiruke mpaka Dar."

"Nilitaka kibebe ndege," Ulimboka akasema, akakichukua.

Njiani nikamtajia bei nzuri. Mwenye hoteli mmoja pale Mikumi hununua vitu vya namna hiyo, anapamba kaunta. Wiki iliyofuata alikwenda Dar, ingawa nilimwambia anatupa nauli. Akarudi na fomu ya Kiingereza ya kuomba cheti cha kiwanda, mwalimu Regina akamsomea. Jina la kiwanda: akaandika Ulimboka. Idadi ya wakaguzi: akaniuliza mimi aandike nini. Nikamwambia aache wazi. Akaandika, "Naomba."

Anwani alitumia sanduku langu la posta, maana yeye hana. Huu mwaka wa tano, jibu halijaja. Akiniona natokea upande wa posta huweka tupa chini, anajifuta mikono, anasimama mlangoni mpaka nifike. Siku hizi nikishuka Kilosa naanzia posta kabla ya vyuma, na nikifika huko wenzangu wameshachagua vizuri vyote.